Kisanduku cha kuchunga watoto kwenye waifai ya nyumbani: kinasimama wapi, kinavuja wapi

Waya Mwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila shule zikifungwa napigiwa simu ile ile. "Fundi, nimeona kuna kifaa, unachomeka tu, kinazuia watoto wasione uchafu na kinakata intaneti wakati wa kulala. Nichukue?" Nimechoka kueleza mmoja mmoja huku niko juu ya ngazi, kwa hiyo leo naweka uzi. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Dar, nafunga kamera na waifai majumbani. Hivi vidude nimevifunga vingi, na cha kwanza kabisa nilikifunga kwangu. Mpwa wangu wa miaka 13 akakishinda ndani ya siku tatu. Nitafika hapo.

Mzazi akiwa dukani huuliza bei na idadi ya simu. Swali lenye faida ni hili: hicho kifaa kinasimama wapi? Video ikitoka huko iliko mpaka ifike kwenye simu ya mtoto inapita njia: seva (kompyuta inayoihifadhi), mtoa huduma, ruta yako, hewa ya sebuleni, simu. Mlinzi wako lazima asimame mahali fulani kwenye njia hiyo. Aliyesimama getini haoni kinachoendelea chumbani, na aliyesimama chumbani hamuoni aliyeruka ukuta.

Nianze na vile visanduku vidogo vya kuweka kando ya ruta, maana ndivyo vinavyowachanganya watu. Kilichojulikana sana ni Circle with Disney, kilitoka Marekani mwaka 2015 kwa dola 99. Huhitaji kubadili ruta. Unakiwasha, unakiunganisha na waifai yako kama simu nyingine yoyote, na ghafla kinawatawala wote humo ndani. Watu hujiuliza, inakuwaje mgeni tu kwenye mtandao awe bosi wa wenzake?

Kwa ujanja wa zamani. Simu yako ikitaka kutoka nje inahitaji kumpata ruta, na inachojua ni namba yake tu, tuseme 192.168.1.1. Basi inapiga kelele ndani ya nyumba nzima: "Nani mwenye 192.168.1.1?" Ruta anajibu: "Mimi, na anwani yangu ya MAC ni hii." MAC ni namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe. Utaratibu huo unaitwa ARP, uliandikwa mwaka 1982, enzi ambazo waliokuwa kwenye mtandao mmoja walikuwa wanafahamiana na kuaminiana. Hakuna popote simu inapodai kitambulisho. Anayejibu anaaminiwa.

Sasa fikiria nyumba ya kupanga. Mpangaji mmoja anasimama mlangoni anawaambia wenzake, "Mwenye nyumba ndiye mimi, kodi na barua leteni kwangu." Halafu anamgeukia mwenye nyumba, "Hawa wote mimi ndiye ninayewapokelea." Barua zote zinapita mikononi mwake. Anazoona ni sawa anazipeleka mbele, nyingine anazitupa. Ndicho kisanduku kinachofanya, na kinarudia uongo huo kila baada ya sekunde chache, maana kikinyamaza ruta halisi atajibu na simu zitamrudia.

Mwenye kisanduku cha aina hii anaweza kukishuhudia kwa macho. Fungua kompyuta ya Windows, ile skrini nyeusi ya amri, andika `arp -a`. Kwangu ilitoka hivi:

192.168.1.1 ........ 00-4e-71-0a-3c-d2
192.168.1.23 ....... 00-4e-71-0a-3c-d2

Ya kwanza ni ruta. Ya pili ni kisanduku. Namba za MAC zinafanana mpaka herufi ya mwisho, na kwa kawaida vifaa viwili havina MAC moja. Kisanduku kimevaa kofia ya ruta. Na mkuu, hivyo hivyo ndivyo mwizi wa kwenye waifai ya mgahawa anavyofanya. Ndiyo maana programu nyingine za ulinzi wa kompyuta zikikiona zinapiga ukelele kwamba umeshambuliwa, na baadhi ya ruta hukikatalia kabisa.

Na ndiyo maana watu wanalalamika intaneti imekuwa nzito tangu wakifunge. Kikitumia waifai badala ya waya, kila kitu kinapita hewani mara tatu badala ya moja: ruta kwenda kisanduku, kisanduku kurudi kwa ruta, ruta kwenda simu. Hewa ni ile ile moja. Kama una hicho kifaa, kipe waya. Na ukiwasha waifai ya wageni kwenye ruta, hiyo kwa kawaida imetengwa, kelele za kisanduku haziifikii. Mtoto akijua nywila ya wageni, kwaheri. Pia kuna IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ambayo haitumii ARP kabisa, ina utaratibu wake. Kama mtoa huduma wako amekuwekea IPv6 na kisanduku hakijaandaliwa kwa hilo, nusu ya safari zinampita mlinzi akiwa ameangalia upande mwingine.

Mahali pa pili ni DNS. Huku hakuna kisanduku, na kwa maoni yangu wazazi wengi wangeanzia hapa kwa sababu ni bure. Ukiandika jina la tovuti, simu kwanza inauliza, "Jina hili namba yake ni ipi?" Anayejibu ni seva ya DNS. Ukimteua mjibuji ambaye akiulizwa tovuti za ngono anajifanya hazijui, tovuti haifunguki. OpenDNS wanayo inaitwa FamilyShield, namba zake ni 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Cloudflare nao waliweka yao tarehe 1 Aprili 2020: 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ile ya 1.1.1.1 mnayoijua wengi haichuji kitu, msije mkaweka hiyo mkalala usingizi. Unaingia kwenye ruta, unatafuta sehemu ya DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa), unabadili DNS hapo, unahifadhi, unazima na kuwasha. Kila kitakachojiunga kinapewa mjibuji huyo, televisheni mpaka kishikwambi.

Udhaifu wake: huo ni ushauri tu. Ruta anaiambia simu, "Kaulize kwa huyu." Mtoto anaingia kwenye mipangilio ya waifai, anaandika 8.8.8.8 ya Google kwa mkono, anamuuliza mwingine. Dawa yake ni kuweka kanuni kwenye ruta kwamba swali lolote linalotoka kupitia mlango namba 53 (njia ya kawaida ya maswali ya DNS), hata liwe limeandikiwa nani, ligeuzwe lije kwa mjibuji wako. Ruta za MikroTik zinafanya hivyo vizuri. Ruta nyingi za bei ndogo haziwezi.

Halafu dunia ikabadilika. Mwaka 2018 simu za Android kuanzia toleo la 9 zikaja na DNS ya faragha, maswali yanafungwa kwenye bahasha na kupita mlango wa 853. Mwaka huo huo ukatoka na utaratibu wa kuyapitisha mlango wa 443, ule ule wa tovuti zote za kawaida. Wa 853 utaufunga. Wa 443 ukiufunga umeua intaneti ya nyumba. Kinachobaki ni kuzuia majina ya seva zinazojulikana kwa kazi hiyo, na orodha haiishi. Firefox wameacha upenyo wa kiungwana: kivinjari chao huuliza kwanza jina use-application-dns.net, wakijibiwa kwamba halipo, kinaacha kutumia njia hiyo ya siri, isipokuwa mtumiaji awe ameiwasha mwenyewe kwa makusudi.

Sasa la mpwa wangu. Kisanduku kinamtambua kila mtu kwa MAC ya simu yake. Nikamweka kwenye kundi la watoto, mwisho saa tatu usiku. Siku ya tatu naamka saa saba usiku kunywa maji, naona mwanga chini ya mlango, jamaa anacheki video. Asubuhi nikafungua orodha ya vifaa. Kulikuwa na simu mpya isiyo na jina, MAC yake inaanza na DA. Ukiona herufi ya pili ya MAC ni 2, 6, A au E, jua hiyo imetungwa, haikutoka kiwandani. Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020 hujitungia MAC kwa ajili ya kila waifai, kulinda faragha, jambo zuri tu. Kijana alikuwa amekwenda kwenye mipangilio, akabadili kutoka MAC ya simu kwenda ya kutungwa. Kwa kisanduku huyo ni mgeni kabisa, na wageni nilikuwa nimewaruhusu kila kitu.

Kosa lilikuwa langu. Mpangilio sahihi ni kwamba asiyejulikana hapati kitu mpaka umkubali. Niliugeuza siku hiyo hiyo, na mpaka leo mgeni akija nyumbani inabidi nitoe simu yangu nimruhusu. Kero, lakini ndiyo hivyo.

Karibuni kwa maswali, nitajibu nikiwa na nafasi.

---

Mjukuu wa Chifu

Nimeweka kambi hapa. Endelea kushusha nondo mkuu.

---

Mama Wawili

Fundi shikamoo kama ni mkubwa, kama mdogo basi habari yako. Mimi ruta yangu ina sehemu ya kuchunga watoto ndani kwa ndani, sijanunua kisanduku. Niliweka wanangu wakate saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Sasa inafanya kinyume. Usiku inawaacha wanaangalia katuni mpaka nawapokonya kwa mkono, halafu asubuhi intaneti haipo kabisa kwenye vifaa vyao mpaka mchana. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Ni mbovu?

---

Waya Mwekundu

Marahaba dada, ila nadhani tunalingana tu. Nipe kitu kimoja: umeandika namba gani hasa kwenye vile visanduku vya saa? Piga picha au nitajie.

---

Bwana Shaka

Mimi nina mtazamo tofauti. Hii yote ni upelelezi wa ndani ya nyumba. Sisi tulikua bila haya. Mtoto ukimwekea geti atajifunza kuruka geti, na atajifunza kukudanganya. Halafu mnajua hivyo visanduku vinaona kila kitu mnachofanya na nyie wazazi? Kuna wanaume humu wanakifunga bila kujua nani anasoma.

---

Waya Mwekundu

Bwana Shaka, hapo kwenye kuona tukae kidogo, maana wauzaji nao wanatia chumvi.

Tovuti na programu nyingi siku hizi zinasafiri zikiwa zimefungwa. Kisanduku hakioni ujumbe wa WhatsApp, hakioni video gani ya YouTube, hakioni umeandika nini kwenye barua pepe. Anayekuuzia kifaa cha waifai akakwambia kitakusomea meseji za mtoto, mrudishie hapo hapo. Kinachoonekana ni jina. Mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, kabla mlango haujafungwa, simu hutaja jina la seva inayoitaka ili ipewe cheti sahihi. Jina hilo lipo wazi, ingawa nalo taratibu wameanza kulificha. Kwa hiyo kisanduku kinajua saa tano usiku simu fulani ilikwenda YouTube na imevuta data nyingi. Alichokiangalia, hapana.

Ndiyo maana huwezi kuzuia video moja ukaacha nyingine. Ukitaka YouTube iliyochujwa, unaielekeza DNS kwamba akiulizwa www.youtube.com ajibu na namba ya restrict.youtube.com. YouTube wenyewe wakiona umefikia mlango huo wanaficha video za wakubwa na maoni. Google Search nayo ina mlango wake, forcesafesearch.google.com. Vifaa vingi vyenye kitufe cha "tafuta salama" hicho ndicho vinachofanya kwa nyuma, hakuna uchawi.

Lakini kwenye hatari uko sahihi. Majina peke yake yanasimulia mengi: nani anatafuta kazi, nani anasoma kuhusu ugonjwa gani, nani yuko macho saa tisa usiku. Na kitu kilichosimama njiani kikidukuliwa, mdukuzi naye anasimama njiani. Mwaka 2017 watafiti wa usalama wa Cisco Talos walitoa orodha ya matundu waliyoyakuta kwenye kile Circle with Disney, yakazibwa kwa programu mpya. Aliyekuwa hapokei masasisho alibaki nayo. Mimi kwangu nimezima kumbukumbu ya tovuti kwa watu wazima wote, na mama watoto nilimuonyesha skrini nikizima, maana amani ya nyumba ina gharama yake.

Hilo la kuwafanya watoto waongo sina jibu la kifundi. Mpwa wangu nilimwambia kabisa kwamba kipo, kinafanya nini na kinakata saa ngapi. Alikishinda hivyo hivyo, ila alipokamatwa hakukataa.

---

Nahodha wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Hapa mtaani kwetu watu wengi tuko kwenye faiba. Router waliyonipa kampuni imefungwa, nikiingia 192.168.100.1 naona vitu vichache tu, sehemu ya DNS wameificha. Nikawapigia wakaniambia haiwezekani. Sasa mimi nifanyeje na sitaki kuhama kampuni?

---

Waya Mwekundu

Nahodha, usibishane nao. Nunua ruta yako ya kawaida, chomeka waya kutoka kwenye ile ya kampuni uingie mlango wa WAN (tundu la kupokea intaneti) wa ya kwako. Halafu zima waifai ya ruta ya kampuni, au ukishindwa kuizima ibadilishe nywila uwe unaijua wewe peke yako. Nyumba nzima ijiunge na ya kwako. Mlinzi sasa ni wa kwako, na ya kampuni imebaki bomba tu la kuleta maji.

Watakwambia kuna ruta mbili zinazidishiana kazi. Kweli, lakini kwa nyumba ya kawaida huoni tofauti. Wanaoweza kulalamika ni wacheza gemu za mtandaoni na mwenye kamera anayotaka kuiona akiwa mbali kwa njia za zamani.

Moja tu la kuangalia: hakikisha hiyo ya kampuni haiko mahali mtoto anafika na pini. Ina kitundu cha kurudisha mipangilio ya kiwandani, ukibonyeza sekunde kumi hivi waifai inarudi na nywila iliyobandikwa chini yake kwenye karatasi. Nimeshaona nyumba ambayo baba alikuwa anapiga simu kila wiki kwamba ruta "inajisahau". Haikuwa inajisahau. Ilikuwa na mtoto wa kidato cha pili.

---

kijana_wa_juzi

Mimi naongea kama aliyekuwa mtoto juzi tu hapa, sasa niko chuo mwaka wa kwanza. Mzee alifunga kila kitu nyumbani. Mimi wala sikugusa ruta yake. Nilikuwa nanunua bando la saa moja, nawasha data, naangalia, nazima, narudi kwenye waifai kama mtoto mwema. Bando likiisha naomba hotspot kwa dada wa kazi, naye namlipa kwa kumfulia vyombo 😂. Mzee alikuwa anaonyesha wageni jinsi watoto wake hawashindi mtandaoni.

Na VPN mbona hujaigusa?

---

Mjukuu wa Chifu

Kufulia vyombo 😂😂 mzee anasoma humu?

---

Waya Mwekundu

Kuosha vyombo kijana. Chuo wanakufundisha nini.

Ila umegusa penyewe. Hivi vyote nilivyoeleza vimesimama kwenye waifai. Simu yenye laini ina mlango wake mwingine ambao haupiti kwako hata kidogo. Kwa mtoto mwenye laini, kifaa cha waifai ni nusu ya ukuta. Huyo anahitaji mlinzi aliyekaa ndani ya simu: Family Link ya Google kwa Android, au ile Screen Time iliyokuja na iOS 12 kwenye iPhone. Hizi zinamfuata mtoto popote, kwenye bando, kwa jirani, shuleni, na zinaweza kufunga programu moja moja, kitu ambacho kisanduku kinafanya kwa kubahatisha, maana programu kama TikTok inazungumza na majina kibao. Udhaifu wake ni upande mwingine: televisheni, kompyuta ya zamani na koni ya gemu hazimo. Kwa hiyo mimi naweka DNS kwenye ruta kwa ajili ya nyumba, na Family Link kwenye simu ya mtoto. Kisanduku cha ARP sikinunui tena.

VPN. Hapa mlinzi wa njiani amekwisha. VPN inafunga kila kitu kwenye bomba moja, kisanduku kinaona simu inaongea na seva moja tu huko ng'ambo, basi. Unaweza kuzuia milango inayotumiwa na VPN za kawaida na majina ya zile maarufu, lakini za bure kwenye duka la programu zinazaliana kama sungura. Njia yenye nguvu ni kuzuia isipakuliwe, na hiyo tena ni kazi ya mlinzi wa ndani ya simu: kila programu mpya iombe ruhusa kwako.

Na tuwe wakweli, nani aliwafundisha watoto VPN? TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walitoa tangazo Oktoba 2023 la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili. X (ile Twitter ya zamani) ikafungwa nchini Mei 2025. Tangu hapo ukikaa sebuleni unasikia baba anamwambia mama, "Washa VPN kwanza." Mtoto yuko hapo pembeni anachora, masikio yote kwako. Ukija kumwambia baadaye VPN ni kitu kibaya, atakuangalia tu.

---

Mama Wawili

Fundi nimerudi, nimepiga picha lakini inakataa kupanda. Nakuandikia. Kwenye kuanza nimeweka 03:00, kwenye kumaliza 12:00. Siku zote saba nimetiki.

---

Waya Mwekundu

Dada, ruta yako ni nzima kabisa, inakutii neno kwa neno. Shida ni kwamba haijui saa ya Kiswahili 😀

03:00 kwake ni saa tisa usiku. 12:00 ni saa sita mchana. Kwa hiyo inawaacha mpaka saa tisa usiku, halafu inakata mpaka saa sita mchana. Ndiyo hiyo "kinyume" unayoiona. Usijilaumu, nimeikuta hii kwa mhasibu, nimeikuta kwa mwalimu.

Saa tatu usiku ni 21:00. Saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Lakini ngoja, kuna mtego wa pili. Ruta nyingi hazikubali muda unaovuka usiku wa manane, kwao mwisho lazima uwe mkubwa kuliko mwanzo. Ikikukatalia, weka kanuni mbili: ya kwanza 21:00 mpaka 23:59, ya pili 00:00 mpaka 06:00.

Na kabla hujatoka humo tazama saa ya ruta yenyewe, mara nyingi iko kwenye sehemu ya mfumo. Ruta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Umeme ukikatika zinasahau, ukirudi zinaamka na tarehe 1 Januari 1970 au tarehe nyingine ya ajabu, mpaka ziulize saa kwenye intaneti. Na zikiuliza, zinahitaji kujua uko ukanda gani. Nyingi zinatoka China zikiwa kwenye saa za Beijing, GMT+8. Sisi ni GMT+3. Usipobadilisha, ikifika 21:00 ya ruta hapa kwetu ni saa kumi jioni, na utakata mtandao watoto ndiyo kwanza wanavua viatu vya shule.

---

Bwana Shaka

Hili la saa mkuu nakubali limenigusa. Nina kengele ya shule ya Jumapili tuliyonunua tukaifunga, inalia saa za ajabu mwaka wa pili huu. Kumbe.

---

Nahodha wa Kibokoni

Nimenunua ruta ya pili leo, nimefanya kama ulivyoelekeza, DNS nimeweka zile za 1.1.1.3. Nimejaribu tovuti moja ya majaribio nikiwa peke yangu sebuleni, haikufunguka. Ila kwenye simu ya binti yangu imefunguka. Simu zote ziko waifai moja. Kwa nini?

---

Waya Mwekundu

Kwanza zima data kwenye simu yake, maana mara nyingi watu wanajaribu waifai kumbe simu iko kwenye laini. Kama bado inafunguka, nenda kwenye mipangilio, mtandao, tafuta DNS ya faragha. Kuna uwezekano imeandikwa jina la seva fulani kwa mkono. Nyingi huwekwa kuzuia matangazo, wala si lazima binti awe amekusudia kukukwepa. Irudishe kwenye "kiotomatiki". Kisha funga kivinjari kabisa ukifungue tena, kwa sababu simu hukumbuka majibu ya zamani kwa muda.

Ikigoma bado, angalia kama kampuni yako inatoa IPv6 na kama ruta mpya imeweka DNS ya upande huo pia. Za Cloudflare za familia upande wa IPv6 ni 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003.

---

Nahodha wa Kibokoni

Ilikuwa DNS ya faragha. Anasema aliwekewa na rafikiye ili gemu isimletee matangazo. Nimemwamini. Ahsante sana ndugu yangu.

---

Mama Wawili

Fundi Mungu akubariki. Saa ya ruta ilikuwa ya Beijing kweli, nimeirekebisha, nimeweka zile kanuni mbili. Leo saa tatu kamili usiku imekata, katuni imesimama mdomo wazi, nimecheka peke yangu jikoni.

Tatizo ni kwamba televisheni ya sebuleni nayo nilikuwa nimeitia kwenye kundi la watoto. Baba yao alikuwa anaangalia mechi, dakika ya 80, imekata. Amesimama mbele yangu sasa hivi hasemi kitu. Naitoaje haraka?

---

Waya Mwekundu

Ingia orodha ya vifaa, gusa televisheni, iondoe kwenye kundi la watoto, hifadhi. Usizime ruta, ikianza kuwaka upya utapoteza dakika tatu na mechi itakuwa imekwisha.